Msukumo wa Jumamosi Asubuhi

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kuamini kwamba namba inayojirudia ni namba ya kweli. Nililifanya kila Jumamosi asubuhi kwa kiangazi kizima, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yangu huko Muyinga, na nililifanya kwa uangalifu mkubwa. Hilo la uangalifu ndilo linalonisumbua hadi leo. Mtu mzembe angeligundua mapema kuliko mimi.

Nieleze kwanza nilichokuwa nikipima. Satelaiti ndogo nyingi za siku hizi, zikishafika angani, husogezwa na injini za umeme. Umeme huzichaji chembe za gesi na kuzirusha nyuma kwa kasi, na chombo husogea mbele. Msukumo wake ni mdogo sana. Ukiwekwa kwenye kiganja chako huenda usiuhisi. Lakini kule juu hakuna hewa ya kuuzuia, na injini huweza kufanya kazi kwa miezi bila kupumzika. Ugumu uko huku chini, kabla ya safari. Unatakiwa kupima nguvu inayolingana na uzito wa punje ya mchele, au pungufu yake, huku injini yenyewe ikiwa nzito mara maelfu, ikiwa na nyaya zake na joto lake. Maabara kubwa hufanya kazi hiyo ndani ya mapipa ya chuma yaliyoondolewa hewa.

Mimi sijawahi kuliona pipa la namna hiyo. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa mkubwa wa kutosha kuzoea Kiswahili cha kule, ndiyo maana watu wa Gitega hunicheka na kuniuliza kama niliisoma lugha kwenye redio. Nilimaliza sekondari Muyinga, sikupata nafasi ya kuendelea, nikaenda Gitega kutengeneza inveta, visanduku vya kugeuza umeme wa betri, katika duka la vifaa vya sola. Mambo ya injini nilijifunza kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa Kifaransa na Kiingereza ambavyo ilinibidi nivitafsiri nikiwa na kalamu mkononi. Sikuwa na mtu wa kuniambia nimeelewa au sijaelewa. Hali hiyo ilinifanya niogope kila kosa kabla halijatokea.

Kwenye mtandao nilijiunga na kundi dogo lililoongozwa na mhandisi mmoja, mwanamke wa nchi ya mbali. Lilitaka kubuni mizani ya bei nafuu ya kupimia msukumo, ambayo hata shule ingeweza kuijenga. Kila mmoja wetu alijenga mizani yake na kupima injini ileile: sindano, pete ya shaba, na kifaa cha kupandisha umeme. Injini hiyo hufanya kazi hewani, hivyo haifai kwa chombo chochote cha angani, lakini inasukuma kwa udogo unaotosha kuijaribu mizani. Mhandisi alisema kwamba wawili ambao mizani zao zingeaminika zaidi wangealikwa miezi sita kwenye maabara yake, wafanye kazi na injini za kweli ndani ya pipa la kweli. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilikuwa hata na aibu kwa jinsi nilivyoitaka.

Mizani yangu ilikuwa bomba jepesi la antena ya televisheni, lililobanwa katikati ya waya wa chuma uliovutwa kwa mlalo. Injini ilikaa upande mmoja na betri upande wa pili ili kusawazisha. Ikisukuma chini, bomba liliinama kidogo, waya ukajisokota kidogo. Kioo kidogo kilichobandikwa juu yake kilirudisha mwanga wa tochi ya leza hadi ukutani, kwenye karatasi ya miraba. Nilichosoma mimi ni nukta nyekundu. Ili kujua nukta inamaanisha nini, nilipima mita kadhaa za waya mwembamba wa shaba kwenye mizani ya duka la dawa, nikaukata sentimita moja moja, nikawa naweka vipande hivyo kwenye ncha ya bomba, kimoja baada ya kingine.

Patroni wangu, yaani mwenye duka, ambaye babu yake alitoka India na kuanza na biashara ya vitambaa hapohapo Gitega, aliruhusu niijenge nyuma ya duka.

"We fundi," aliniuliza siku ya kwanza, "hii kitu inaweza hata kusukuma nzi?"

"Nzi mmoja, patroni. Akiwa amechoka."

"Bon. Nikipata nzi mwenye kuchoka nitakuletea."

Dukani haikuwezekana. Kila lori lililopita lilirusha nukta. Nikaihamishia kwenye chumba changu cha kupanga karibu na Mushasha. Huko kulikuwa na kengele za kanisa, na wanafunzi waliopita mamia kwa mamia, na mwenye nyumba aliyetwanga mihogo. Niliandika vipimo, nikavitazama, nikavichukia. Kimoja kilikuwa juu, kinachofuata chini. Nilijua kutoka kwenye masomo yangu kwamba njia sahihi ni kuwasha injini, kuzima, kuwasha tena, kuzima tena, mara nyingi, na kuandika yote. Lakini kila nilipobonyeza swichi mkono wa mizani ulitikisika na namba zikawa mbaya machoni. Nikaamua kuwa ninachohitaji si njia nyingine, bali utulivu.

Utulivu ulikuwa Muyinga. Ijumaa mchana duka lilifungwa kwa ajili ya swala, na Jumamosi asubuhi hakuna duka linalofunguliwa kabla ya kazi za pamoja za mtaa kumalizika. Patroni aliniruhusu niondoke Ijumaa na kurudi Jumapili jioni, mradi nimalize inveta zilizopo mezani. Nikaifunga mizani ndani ya blanketi na kuipeleka kwa mama. Upande mmoja wa waya niliufunga kwenye ndoano ya ukutani, upande wa pili kwenye nguzo inayobeba paa.

Tatizo la Muyinga lilikuwa mlango. Nilitaka ufungwe ili upepo usiingie. Mlango ukifungwa mchana kwetu, ama kuna mgonjwa, ama kuna watu wanaokula peke yao. Ijumaa ya kwanza jioni, nyumbakumi, yule mzee anayezisimamia nyumba kumi za upande wetu, alikuja kuuliza.

"Hodi. Iko mgonjwa humu?"

"Hapana, mzee. Napima."

"Unapima nini na mlango imefungwa?"

"Upepo unasumbua mashine."

"Upepo." Aligeuka akatazama migomba. Hakuna jani lililotikisika. "Watu wanasema mama yako anakulaka nyama peke yake."

Mama alijibu kutoka jikoni. "Waambie waje. Ni maharage, na hayajaiva."

"Mi nasemaka tu vile nasikia, mama."

Mlango ukafunguliwa. Jioni hiyo waliingia majirani wanane kutazama nukta nyekundu. Nilichukua vipimo hivyohivyo huku watu wakitoka na kuingia, vyote vikawa vya chini, nikaandika pembeni: vimeharibiwa na wageni.

Jumamosi asubuhi ilikuwa tofauti. Watu wote walikuwa nje na majembe, wakifukua mitaro au kuchimba msingi wa darasa. Magari hayakutembea. Mama alikwenda kwa niaba ya nyumba yetu, na nyumbakumi aliacha kuniulizia jembe baada ya mimi kutengeneza taa yake ya sola. Nilifunga mlango. Ardhi ilitulia kabisa. Saa mbili na nusu niliandika mahali nukta ilipo, nikawasha injini, nikangoja dakika ishirini mkono utulie, nikaandika tena. Nikazima, nikaweka vipande vya shaba, nikarudi mwanzo. Sauti pekee ilikuwa ya mabati yakigongagonga taratibu juu yangu, na mvumo mdogo wa injini.

Jumamosi iliyofuata nilipata namba ileile. Na iliyofuata. Zililingana hadi nikashindwa kukaa kwenye kiti. Nilinunua daftari jipya na kuhamishia humo vipimo vya Jumamosi tu, kwa mwandiko mzuri. Daftari la zamani, lenye kengele na malori na wageni, nililichana. Nieleze ukweli wake: sikulichana kwa hasira, nililichana kwa kuona aibu kwamba mtu angeweza kuliona. Nikatuma daftari jipya.

Mhandisi alijibu baada ya siku chache. Alisema vipimo vyangu ndivyo vilivyotulia kuliko vyote na kwamba wengine wangevitumia kama kipimo cha kujilinganisha. Aliongeza kwamba barua ya mwaliko ingeandaliwa mwisho wa mwezi. Nilisoma jibu lake mara nyingi nikitafuta neno ambalo lingelibatilisha, sikuliona. Nikamwambia mama. Mama akamwambia shangazi, na kwa shangazi kumwambia mtu mmoja ni kuwaambia wote.

Wiki hiyo mwanafunzi mmoja wa kundi letu, kutoka nchi nyingine, aliniandikia. Mizani yake ilitoa chini ya nusu ya namba yangu. Alikuwa ameivunja na kuijenga upya mara mbili na ilitoa vilevile. Aliniuliza kosa lake linaweza kuwa wapi. Nilimjibu kwa ukurasa mzima. Nilimshauri achunguze waya wake, jinsi ulivyovutwa, na ubora wa vipande vyake vya kusawazishia. Niliandika kwa upole, kama mtu anayejua.

Jumamosi iliyofuata niliendelea kupima, kwa sababu tu nilipenda kuziona namba zikirudi. Nilikuwa na mafua. Niliwasha, nikangoja, nikasoma. Nukta ilikuwa imesogea zaidi kidogo ya nusu ya kawaida. Nilidhani sindano imebutuka, au pete imehama, nikaanza kutafuta nusu iliyopotea. Nilitafuta karibu saa nzima kabla sijagusa kibanio cha betri. Kilikuwa kimeachia. Injini haikuwa imewaka asubuhi ile hata kidogo. Kwa kawaida hutoa harufu kama ya hewa baada ya radi, lakini pua yangu ilikuwa imeziba, na mvumo wake mdogo nilikuwa nimeuzoea hadi nikadhani nausikia.

Nilikaa chini. Swali halikuwa tena nusu moja imekwenda wapi. Swali lilikuwa nusu iliyobaki imetoka wapi.

Nilirudi Gitega bila kumwambia mtu. Nitaje siku, kwa sababu nilizihesabu: nilikaa siku kumi na moja bila kuliandikia kundi. Katika siku hizo nilijipa maelezo mengi. Labda mafua yalinifanya niegemee meza. Labda kulikuwa na tetemeko dogo. Nilijua hayakuwa kweli wakati nikiyafikiria. Usiku sikulala vizuri na mchana niliunguza vipuri viwili vya inveta.

"We iko na nini wiki hii?" patroni aliuliza. "Umependa mtu?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akifungua boksi la swichi.

"Wao wanajua?"

"Hawajui."

"Na ukikaa kimya?"

"Wataniita. Nitakwenda."

"Mi ningekaa kimya," alisema, bila mzaha. "Nakwambia vile iko. Uende kwanza, ukifika huko utatengeneza hesabu. Lakini mi nauzaka swichi. Sipimaki vyombo."

Jumamosi iliyofuata niliichomoa betri kwa makusudi na kuiacha kwenye ncha yake ya bomba bila waya. Nilikaa tangu saa moja hadi saa tano nikiandika mahali nukta ilipo kila baada ya dakika tano. Ilitembea. Ilianza taratibu jua lilipofika kwenye paa, ikaongeza mwendo kati ya saa mbili na nusu na saa nne, ikapunguza baadaye. Jioni, paa lilipopoa, ilirudi. Kila nilipochukua vipimo vyangu vizuri nilikuwa nimesimama mahali palepale kwenye mwendo uleule wa nukta, kwa sababu kazi za pamoja huanza na kumalizika saa zilezile. Ndiyo maana namba zililingana. Vipimo vya Ijumaa jioni, vile nilivyosema vimeharibiwa na wageni, vilikuwa vya chini kwa sababu jioni paa lilivuta upande wa pili. Kama ningekuwa navyo ningeweza kuviweka pamoja na vya asubuhi na kupata kitu kilicho karibu na ukweli. Ukweli huo ungekuwa karibu sana na namba ya yule mwanafunzi.

Mama alirudi kutoka kwenye mitaro, akaegemeza jembe ukutani, akanikuta nimekaa mbele ya karatasi.

"Umeipata namba yako?"

"Nimeipata, mama. Na mashine imezimwa."

"Imezimwa na inasukuma?"

"Si mashine. Ni mabati. Yakipata jua yananyooka, yanavuta nguzo, nguzo inausokota waya."

Alitazama juu, kisha akanitazama mimi. "Kwa hiyo kiangazi chote umefunga mlango wangu, watu wakasema nakula nyama, ukipima jua?"

"Sehemu yake ni jua. Zaidi ya nusu."

Alicheka hadi akakaa kwenye gunia. Halafu akaacha. "Na ile safari?"

"Walinichagua kwa sababu ya namba hizi."

"Nimeshamwambia shangazi yako."

"Najua."

Alivua viatu vyenye udongo, kimoja kimoja. "Basi nitamwambia tena," alisema. "Hataniacha wiki nzima, lakini nitamwambia."

Niliandika Jumatano. Barua ya kwanza ilikuwa ndefu, na nilipoisoma niliona kwamba kila aya ilikuwa inanitetea: sikuwa na pipa, sikuwa na mwalimu, nilikuwa na mlango usiofungika. Niliifuta. Iliyobaki ilikuwa na mistari sita. Nilieleza kwamba namba yangu ilichanganya msukumo wa injini na kusogea kwa mizani kutokana na joto la paa, nikaambatanisha vipimo vya betri iliyochomolewa, nikaomba isitumiwe tena na mtu yeyote kujilinganisha. Nilituma nakala kwa yule mwanafunzi, na kwake niliongeza mstari wa kuomba radhi kwa ukurasa wangu wa ushauri.

Mhandisi alijibu siku mbili baadaye, kwa utulivu. Alisema mizani inayoyumba kwa joto ni jambo la kawaida, na hata mizani za maabara yake huyumba. Vipimo vya betri iliyochomolewa vilimpendeza. Aliomba kitu kimoja tu: nimtumie vipimo vyote vya awali, vya Gitega na vya Ijumaa jioni, ili aone kama vinaweza kuokoa matokeo. Ningeweza kusema vilipotea. Niliandika kwamba nilivichana, na nikaandika sababu.

Jibu la pili lilichukua wiki. Aliandika kwamba nafasi ile atampa yule mwanafunzi. Alitaka nijue kwamba sababu haikuwa paa. Paa linaweza kurekebishwa, alisema, lakini hawezi kumpa mtu injini ya kupima ikiwa hajui ni kurasa gani mtu huyo atazichagua. Sentensi hiyo niliisoma dukani, nimesimama, mteja akingoja. Nilimhudumia mteja. Baadaye nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikarudi.

Sikupata hasira naye. Nilitafuta hasira, ingekuwa rahisi zaidi. Mwanafunzi yule aliniandikia siku alipoondoka kwao. Alisema kwamba baada ya barua yangu ya kwanza, ule ukurasa wa ushauri, alikuwa ameifungua mizani yake yote na kuweka vipande kwenye boksi, akiamini hana mkono wa kazi hii. Ile ya pili ndiyo iliyomfanya aitoe kwenye boksi.

Huo ulikuwa mwaka jana. Bado natengeneza inveta Gitega, na bado napima, kwa sababu kundi halikunifukuza. Kilichobadilika ni hiki. Naanza kila kipimo injini ikiwa imezimwa, na nazima na kuwasha kila dakika mbili hata mkono wa mizani ukitikisika. Naandika kwa wino kwenye daftari lililoshonwa, na sijachana ukurasa wowote. Namba yangu ya sasa ni ndogo kuliko ile ya kwanza, shaka yake ni kubwa kuliko ninavyopenda, na nazituma zote mbili pamoja, namba na shaka yake.